Alama Ambayo Shija Hakuwa Nayo

Mliponiaga mlinizawadia saa kubwa ya ukutani, zawadi nzuri kabisa kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni kwangu Nyegezi. Kila nikiitazama asubuhi najua kwamba sasa hivi mmoja wenu anafungua friji ya damu kusoma kipimajoto, na mwingine anatafuta kalamu niliyokuwa nikimlaumu kila siku kwa kuipoteza. Siku ile ya kuagana mliniomba niandike mambo ya benki ya damu ambayo hayamo vitabuni. Nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa nimeshika sahani ya keki, na mtu aliyeshika keki ya watu hawezi kuwakatalia kitu.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuwepo, vilichelewa, basi. Nitaanza na kidole changu.

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Nilikuwa na vyeti vyangu kwenye bahasha, tayari kuonyesha. Mkuu wa benki ya damu wakati huo alikuwa Mzee Rwegasira, Mhaya wa Bukoba, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja na Kiswahili cha mtu anayechagua maneno kama anayechagua ndizi sokoni. Bahasha hakuigusa. Alisema, “Leta kidole.”

Akanichoma, akaniambia nijipime kundi langu mwenyewe. Nikatia matone, nikazungusha mrija, nikauinua juu na kuutikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Sikuona chembe zilizogandamana. Nikaandika O kwa mwandiko mzuri. Yeye akarudia kipimo kile kile, taratibu, akanionyesha: mimi ni B, na kwenye mrija wake kulikuwa na donge jekundu lililokaa wazi kabisa. Mimi nililivunja la kwangu kwa kutikisa.

“Hongera,” akaniambia. “Damu yako ingewekwa lebo ya O, ikapewa mtu wa O. Umeshaua mtu wa kwanza, na chai bado hatujanywa.”

Nililia chooni. Niliporudi nilikuta ameniwekea kikombe cha chai na mirija mingine ya kurudia. Tangu siku ile mrija mimi nauinamisha kidogo, nikiangalia chembe zinavyoteremka, na nyinyi wote mliopita mikononi mwangu mnajua nilivyokuwa mkali kwenye jambo hili. Wengine mliniita Mama Inamisha mkidhani sisikii.

Jina hilo silichukii. Kazini niliitwa Mama Kabula tangu binti yangu alipozaliwa, na ninaamini nusu yenu hamlijui jina nililobatizwa. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linabaki kwenye vyeti na kwa mama yake mzazi. Mtaona kwa nini nalitaja hili.

Vifaa vyetu havikuwa vya kuonyesha wageni. Tulikuwa na mashine ya kuzungusha damu iliyotembea mezani yenyewe ikiwashwa, kwa hiyo mmoja alizungusha na mwingine akaishika. Tulikuwa na beseni la maji ya joto, ambalo kazi yake ni kuifanya mirija ijione iko ndani ya mwili wa mtu. Na tulikuwa na kigae cheupe, cha bafuni kabisa, ambacho Mzee Rwegasira alikipata kwa fundi aliyekuwa akijenga nyumba Capri Point. Kwenye kigae hicho, karibu na dirisha linalotazama ziwa, tulisoma majibu yetu yote. Mashine mpya zilipokuja nilizishangilia kuliko mtu yeyote, ila kigae sikukitupa. Kiko kwenye droo ya chini, kushoto, msikifanye cha kuwekea kikombe.

Mzee alipenda kueleza. Alikuwa akisema chembe nyekundu ya damu watu huiona kama mpira mtupu, kumbe juu ya ngozi yake zimesimama protini za kila namna, nyingine zimezama ndani na kuchomoza kichwa tu nje. Mojawapo ni glaikoforini B. Kipande chake kimoja kilicho karibu na ngozi ya chembe ndicho wataalamu walikipa jina la U, herufi moja tu. Karibu kila mtu duniani anayo. Inatengenezwa kwa maagizo ya jeni moja iliyoko kwenye kromosomu ya nne. Katika baadhi yetu sisi Waafrika, wachache, jeni hiyo ilidondoka njiani zamani za mababu. Ukirithi pengo hilo kwa baba peke yake huna shida, ya mama inafanya kazi. Ukilirithi kwa wote wawili, chembe zako hazina U kabisa, na utaishi vizuri, utalima, utacheza ngoma, hutajua. Utajua siku utakapohitaji damu ya mtu mwingine.

“Utamkuta mmoja kabla hujastaafu,” aliniambia. “Mimi sijamkuta. Au nimemkuta nikamwita kwa jina jingine.”

Alinifundisha pia jambo ambalo nawaachia kama urithi. Kila ukiona damu ya mgonjwa inagombana na kila chupa unayoileta, usikimbilie kulaani chupa. Chukua maji ya damu ya mgonjwa, yale ya njano yanayobaki juu chembe zikizama, yaweke pamoja na chembe zake mwenyewe, usome. Zikigombana zenyewe kwa zenyewe, tatizo ni moja. Zikikaa kimya, tatizo ni jingine kabisa. Ni mrija mmoja tu wa ziada, na wengi wenu huwa mnauruka mkiwa na haraka.

Alipostaafu akarudi Bukoba kwenye kahawa yake. Kigae akaniachia mimi.

Miaka ikapita ya kazi ya kawaida, akina mama waliotoka damu wakati wa kujifungua, watoto wa malaria, watoto wa selimundu tuliowazoea mpaka tukawa tunawapigia utani. Halafu akaja Shija. Jina la ukoo silitaji, na mengine nimeyabadilisha kidogo.

Aliletwa kutoka ng'ambo ya Busisi, enzi hizo daraja halijajengwa, na gari la wagonjwa lilikaa Busisi likingoja hisani ya kivuko kama magari mengine. Alikuwa na mimba ya tatu, kubwa, na damu yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba viganja vyake vilifanana na karatasi. Uzazi uliopita alitoka damu nyingi, akaongezewa, akapona. Safari hiyo ya kwanza mwili wake haukulalamika. Ulikuwa unajifunza.

Daktari wa wodi ya wazazi alikuwa Dokta Neema, kijana, mtulivu, mtu wa kuuliza maswali mazuri. Aliomba chupa mbili. Tukaweka sampuli ya Shija na damu ya kwanza, zikagombana. Ya pili, ya tatu, zote zikagombana, madonge mazuri kama ya kitabuni. Nikapitia friji nzima ya kundi O, ambalo ndilo lake, nikapata jibu hilo hilo.

Dokta Neema akaja mwenyewe dirishani. “Shikamoo Mama Kabula. Tumpe O hasi basi?”

“Marahaba. O hasi nayo imegoma.”

“Si ndiyo ya watu wote?”

“Ya watu karibu wote,” nikamwambia. “Huyu ameangukia kwenye hilo karibu.”

Nilikuwa nimeshafanya mrija wa Mzee Rwegasira. Maji ya damu ya Shija na chembe za Shija vilikaa pamoja kimya kabisa. Kwa hiyo kingamwili zake hazikuwa na wazimu. Zilikuwa zinajua kabisa zinachokikataa: kitu ambacho sisi wote ambao damu yetu imo kwenye friji ile tunacho, na yeye hana. Nilichoma hata kidole changu, ingawa kundi langu halikumfaa, kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa. Dokta Neema akanitazama akaniambia nikae chini kwanza.

Sampuli tuliituma kwenye maabara kubwa zaidi ili watuthibitishie jina, na baadaye kweli walisema ni U. Lakini majibu yao yangekuja kwa mwendo wao, na Shija hakuwa na nafasi ya kungoja. Kingamwili zile zilikuwa zikipenya mpaka kwa mtoto, ambaye alirithi alama ya U kwa baba yake, na zilikuwa zinazila chembe zake humo humo tumboni. Mtoto alitakiwa atolewe. Na mama mwenye damu ile hawezi kupasuliwa bila chupa hata moja mkononi.

“Nikimkata akatoka damu kidogo tu, nampoteza,” Dokta Neema alisema. “Nisipomkata nampoteza mtoto, halafu labda na yeye. Nitafutie damu, Mama.”

Pa kutafuta palikuwa mahali pamoja tu, kwa ndugu. Wazazi walioachia pengo kwa mtoto mmoja wanaweza kuwa wameachia na kwa mwingine. Tukapiga simu kwao.

Walikuja na fuso. Walivuka na kivuko cha asubuhi, wote wanaume, wenye afya, wengine na fimbo zao za kuchungia, wakajaa kwenye korido yetu wakinukia moshi na maziwa. Aliyewaongoza alikuwa baba yake mkubwa Shija, Mzee Lugembe, mrefu, kofia ya pama kifuani.

“Mwangaluka, mayu,” akanisalimu.

“Mwangaluka, baba,” nikaitikia, na nilifurahi, kwa sababu korido ile ilikuwa imejaa Kiswahili cha wasiwasi tangu jana yake.

“Tumekuletea damu. Chukua unayotaka. Hawa wote ni ndugu zake.”

Hatukuwa na dawa maalumu ya kupimia U, lakini Shija mwenyewe alikuwa nayo. Maji ya damu yake ndiyo yalikuwa kipimo. Tulichoma vidole vile vyote, tukawapanga kwenye mirija, nikawasoma mmoja mmoja juu ya kigae. Donge. Donge. Donge. Nilipofika kwenye mrija wa mwisho sikuwa na hamu ya kuuinua.

Mzee Lugembe alinifuata dirishani. “Dakitali, unasema damu yetu mbaya?”

“Mimi si daktari, baba. Na damu yenu nzuri sana. Shida ni kwamba ina alama.” Nikatafuta namna ya kumweleza, nikamkumbuka ni mfugaji. “Ukiingiza ng'ombe wa mtu kwenye zizi lako, unamjuaje?”

“Chapa yake.”

“Basi chembe zetu zote hapa zina chapa moja. Zangu, zako, za hawa vijana. Za Shija hazina. Walinzi wake wakiona chapa, wanapiga.”

Akafikiri. “Kwa hiyo ng'ombe wake hawana chapa, na sisi tunamwingizia wenye chapa.”

“Ndivyo.”

“Na wasio na chapa wako wapi?”

“Kama wapo, ni kwa baba yake na mama yake. Tumbo moja, baba mmoja. Hawa uliokuja nao ni tumbo moja na Shija?”

Akawageukia wale wanaume, akawahesabu kwa macho. Wale wawili ni watoto wa mdogo wake anayemfuata baba yake Shija. Yule wa baba mdogo mwingine. Wale pale ni shemeji, upande wa mume. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni kaka yako, kamili, hakuna anayeongeza maelezo, na mimi Msukuma niliyezaliwa Magu nilipaswa kukumbuka hilo kabla ya kuchoma vidole vya fuso nzima.

“Kaka wa tumbo moja hana,” akasema. “Wazazi wake walishatangulia.”

Nikarudi mezani. Sikuwa na la kufanya, nikaanza kupanga mirija, kazi ambayo mikono hufanya yenyewe. Mrija wa Shija ulikuwa juu ya kigae, jina lake likinitazama. Nilikuwa nimelisoma jina lile siku nzima kama lebo. Sasa nikalisoma kama Msukuma.

Huku kwetu mtoto haitwi Shija kwa kupenda. Wakizaliwa mapacha, wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuata hao ndiye Shija. Jina hilo ni nafasi yake kwenye mlango wa kutokea. Mzee Rwegasira, pamoja na Uhaya wake wote na vitabu vyake, asingelisoma hivyo. Nilitoka nje karibu nikimbie.

“Baba! Kulwa na Doto wako wapi?”

Mzee Lugembe akataka kuvua kofia, ambayo tayari ilikuwa mkononi, kwa hiyo akaigeuza tu.

“Kulwa alifariki. Surua, bado mtoto.”

“Na Doto?”

Alinyoosha kidevu kuelekea ukumbi wa nje, pale wanapokaa wauguzaji na vyombo vyao. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye kanga, akisuuza chupa ya chai. Nilimfahamu. Wodi nzima ilimfahamu. Ni Mama Samweli wa Buhongwa, aliyemletea Shija uji asubuhi na ugali jioni tangu alipolazwa, aliyekuwa akinisalimu kila anapopita dirishani na kuniuliza kama na mimi nimekula. Alikuwa dada mwema wa mgonjwa, mtu wa uji. Hakuna aliyemuuliza jina lake la nyumbani, na vidole vyake ndivyo pekee katika ukoo mzima ambavyo hatukuvichoma.

“Huyo ni mwanamke,” Mzee Lugembe akasema, kwa upole, kama anayenisaidia nisipoteze muda. “Wanawake wetu hawatoi damu. Ndiyo maana tumekuja sisi.”

“Baba, pengo halichagui mwanamume.”

“Tena ni pacha aliyebaki. Pacha hachomwi hivi hivi, mayu, wewe unajua. Ana mambo yake. Lazima twende nyumbani kwanza, wazee wakae.”

Ningekuwa mgeni ningecheka au ningekasirika. Mimi nilikulia kwenye mambo hayo, bibi yangu alikuwa mtu wa kuitwa mapacha wakizaliwa, na nilijua anaogopa nini: mmoja aliondoka, na huyu aliyebaki ameshikiliwa kwa uzi. Lakini nyumbani ilikuwa ng'ambo, kivuko mara mbili, na wazee kukaa. Dokta Neema alikuwa amekuja akasimama nyuma yangu. Aliniachia mimi nizungumze, na namshukuru mpaka leo.

Mama Samweli alisimama mwenyewe. Alikuwa amesikia yote. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaja mbele ya baba yake mkubwa, akapiga goti kama inavyotakiwa.

“Baba,” akasema, “Kulwa alipokuwa anaondoka mimi sikuulizwa kitu. Nililala naye kitanda kimoja, nikaamka peke yangu. Huyu leo naulizwa.”

Basi. Hakulia, wala sauti hakuipandisha. Mimi ndiye niliyegeukia ukuta.

Mzee Lugembe akamuuliza mmoja wa vijana kama kuna unga. Unga ulikuwepo, wa Mama Samweli mwenyewe, wa uji. Akaomba maji. Akaukoroga kidogo kwenye bakuli pale kwenye ngazi, nje ya maabara, maana ndani nilikataa. Mila naiheshimu na sakafu yangu pia naiheshimu. Akamnyunyizia binti yake kichwani na kifuani, akizungumza Kisukuma cha chini chini na watu ambao hatukuwaona. Alipomaliza akaniambia, “Nimeanza hapa. Nitamalizia nyumbani. Mchome.”

Nilimchoma. Kundi O, hapo tukavuka mto wa kwanza. Nikaweka chembe zake na maji ya damu ya Shija, nikatia kwenye beseni la joto, nikangoja. Kuna kungoja kwa aina nyingi hospitalini; huku kwa beseni ndiko nilikokuwa nakuchukia kuliko kote. Nikaosha chembe, nikatia dawa, nikazungusha huku mwenzangu akiishika mashine. Nikauinamisha mrija juu ya kigae, mwanga wa ziwa ukiwa bado upo.

Chembe ziliteremka laini, zote, bila hata punje moja ya donge.

“Imekubali?” Dokta Neema akauliza.

“Bado.” Nyinyi mnajua kwa nini. Mrija uliokaa kimya unaweza kuwa umekubali, au unaweza kuwa umekosewa, kwa mfano dawa ikiwa imekufa au uoshaji ulikuwa mbaya. Ndiyo maana kila mrija wa kimya tunautilia chembe za kuhakiki, ambazo lazima zigande. Nikazitia. Nikazungusha. Nikainamisha.

Ziliganda. Kipimo kilikuwa kizima, na Doto hakuwa na chapa.

Nilisema, “Sasa imekubali,” na Dokta Neema akanikumbatia na glavu zangu chafu, jambo lisiloruhusiwa.

Doto alikuwa mwembamba, uzito wake ulikuwa kwenye ukingo kabisa, na Dokta Neema alimpima mwenyewe, akaamua tuchukue pungufu ya chupa kamili. Alilala akitazama dari, ngumi inafunguka na kufumba, mzee wake mlangoni akiwa amempa mgongo kwa heshima. Aliniuliza jambo moja tu. “Sasa jioni uji nani atampelekea?”

“Utampelekea wewe mwenyewe,” nikamwambia, “ukishakunywa soda hii.”

Shija akapasuliwa. Alitoka damu, kama ilivyoogopwa, na damu ya dada yake ikaingia, ikakaa kimya ndani yake kama ilivyokaa kwenye mrija. Mtoto alikuwa msichana, mwenye rangi ya njano kama embe bivu. Akawekwa chini ya taa kwa siku kadhaa, akipiga kelele zilizofika mpaka kwetu maabara. Sijawahi kufurahia kelele za mtoto wa mtu namna ile. Mzee Lugembe aliniletea kuku hai wa shukrani, akamfungua kamba mlangoni pangu ili nimwone vizuri, na mchana mzima ule benki ya damu ilifanya kazi ya kufukuza kuku.

Nilimwandikia Mzee Rwegasira barua Bukoba kumwambia nimemkuta yule mtu wake. Alinijibu mstari mmoja, akianza na neno la heshima la kwao Bukoba: “Waitu, nilijua hutatikisa mrija.” Nadhani hizo ndizo pongezi pekee alizonipa, na zilinitosha.

Baada ya hapo maji ya damu kidogo ya Shija tuliyagandisha tukayaweka. Kwa kutumia hayo tulikuwa tukiwapima watoaji wetu wa kudumu wa kundi O, pole pole, mmoja mmoja, tukitafuta mwingine asiye na alama. Wengi wenu mmefanya kipimo hicho mkilalamika kwamba majibu ni yale yale kila siku. Ni kweli. Endeleeni.

Naruka mpaka mwaka wangu wa mwisho. Daraja limeshakamilika, na foleni ya Busisi imebaki hadithi ya kuwachosha vijana. Akaletwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Nansio, Mkerewe, mtu mzima mpole, kidonda cha tumbo kimepasuka ndani. Aliwahi kuongezewa damu zamani baada ya ajali ya pikipiki. Mnakumbuka, kwa sababu mmoja wenu ndiye aliyekuja kwangu na rafu nzima ya mirija akasema, “Mama Kabula, zote zimegoma, ila na zake mwenyewe zimekaa kimya.” Nilitamani Mzee wa Bukoba angekuwa hai asikie kijana akisema hivyo bila kuulizwa.

Kundi lake lilikuwa O. Ndugu zake wa tumbo moja, kaka watupu, walipimwa Nansio na hapa, wote wana alama. Nikampigia Doto. Alikuja mbio, lakini siku hizi ana shinikizo la damu, na mashine ilikataa kumpitisha. Alikasirika na ile mashine kana kwamba ni jirani aliyemsema. Akatoa simu yake akampigia mdogo wake.

Shija alifika na basi la asubuhi, kupitia daraja, mnene, mzima, mwenye kicheko. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu aongezewe, na daktari aliridhia tuchukue chembe zake tu. Maji ya damu tuliyatenga, maana yale bado yana walinzi wale wale. Alilala kwenye kitanda kile kile alicholala dada yake. Pembeni alikaa Doto na chupa ya uji, tayari kabisa, kama vile hakuwahi kuondoka pale ukumbini.

“Huyu mtu ni nani kwetu?” Shija akaniuliza.

“Jina siruhusiwi kukutajia. Ni mwalimu wa Nansio.”

“Sisi Nansio hatuna mtu.”

“Alama ambayo nyinyi wawili hamna, na yeye hana.”

Akamtazama dada yake. Doto akamimina uji kwenye kifuniko, akaupoza kwa kupuliza. “Basi ni wa kwetu,” Doto akasema. “Mwambie apone haraka.”

Mwalimu alipata nafuu. Alipoweza kukaa nilipita wodini, jambo ambalo watu wa maabara hatulifanyi sana, nikamwona akila ndizi za kuchemsha. Akataka kujua damu imetoka wapi, maana aliona kaka zake wote wamekataliwa. Taratibu zinakataza kumtajia mgonjwa jina la mtoaji, na sikuzivunja. Nilimwambia tu imetoka kwa dada yake.

“Mama,” akasema, kijiko kimesimama hewani, “mimi sina dada.”

Nikamwambia sasa anao wawili.